Kabla hujasaini

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu. Umeeleza habari za nguo, za nywele, za mwongozaji anavyokusifia. Mkataba wa hiyo tamthilia umeupa mstari mmoja, tena mwishoni: utasaini Jumatatu. Umeusoma wote?

Nimefurahi, hilo ulijue. Mtu aliyekataliwa kwenye usaili mara zote zile na bado akarudi kupanga foleni si wa kubezwa. Lakini wewe ukifurahi huoni mbele, na hilo hukulirithi kwa mama yako.

Angalia kwanza kama wanalipa kwa siku au kwa episodi. Si mamoja. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio tunaouona sisi. Matukio yote ya sebule moja hukusanywa yakapigwa kwa mpigo, asubuhi unamlilia marehemu mumeo wa episodi ya 20, mchana anakuja kukuchumbia episodi ya 3. Sasa ukilipwa kwa episodi, na tukio lako likakatwa kwenye uhariri, siku ile umefanya kazi ya nani? Wakirusha marudio, je? Na kuna kipengele cha kukuzuia kazi nyingine hadi waamue kama kuna msimu wa pili? Kama kipo, watakulipa kwa kukaa?

Uliwahi kunifunga mdomo na habari za yule Mmarekani, Susan Lucci, aliyeanza kumwigiza Erica Kane kwenye tamthilia ya All My Children mwaka 1970 na akaikosa Emmy, tuzo ya televisheni ya kwao, mara 18 kabla ya kuipata mwaka 1999. Wewe uliona subira. Mimi niliwaza mwaka 2011, kituo cha ABC walipoifuta tamthilia yenyewe. Miaka 41 watu wanakuita kwa jina la mtu asiyekuwepo! Yeye walau alishakuwa na jina la kusimamia. Wewe ni msimu wa kwanza. Mwandishi akiamka vibaya anakugongesha gari, na umekwisha.

Lile tangazo la utotoni, picha yako ilitumika miaka na hatukuona hata senti. Karatasi ile ilitaka saini ya mzazi, na mzazi siku hiyo alikuwa na haraka ya kurudi kazini. Basi.

Usiguse nywele bila kuwauliza, zitakataa kufanana kutoka tukio hadi tukio. Lala mapema wanapokuruhusu. Watu watakutukana barabarani kwa huo uchonganishi wako wa kwenye skrini, uzoee. Shangazi yako ameshaniuliza kwa nini hawakukupa mhusika mwema. Nimemwambia mwema kazi yake ni kulia tu.

Mama yako anasema nakusumbua. Anasema pia nikuambie cherehani tumeihamishia chumbani kwako, maana kule ilikokuwa paa linavuja. Vitabu vyako viko kwenye sanduku, daftari la mashairi sijalifungua. Televisheni inakoroma badala ya kutoa sauti. Fundi ameahidi kuja, kama alivyoahidi wiki iliyopita. Nataka iwe imepona kabla hamjaanza kurushwa.

Nitumie picha ya kila ukurasa kabla ya Jumatatu, na ule wa saini. Shika simu kwa mikono miwili. Zile za mara ya mwisho niliishia kusoma kidole chako.

Baba yako