Dohani nayo ni sehemu ya tanuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na wenzangu wenye hoteli na maduka ya mikate hapa Malindi ambao, kama mimi, wameacha kuni wakahamia tanuri la peleti, yaani vile vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vyenye unene wa milimita 6 hadi 8. Tanuri lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni juu ya bomba la moshi linalotokea nyuma yake, ambalo wauzaji hawalitaji na sisi wanunuzi hatuliulizi.

Siku nilipofungiwa langu nilionyeshwa kikombe cha moto, yaani chungu kidogo chenye matundu ambamo peleti huwakia, nikaambiwa nikikwangue kila asubuhi na kumwaga jivu la sanduku lililo chini, basi. Nikafanya hivyo bila kukosa. Baada ya miezi kadhaa kioo cha mlango kikaanza kushika masizi meusi, ulimi wa moto ukarefuka na kuwa mzito wenye ncha za moshi, kisha tanuri likawa linazimika lenyewe mikate ikiwa ndani. Fundi niliyemwita alifungua kifuniko cha nyuma tu, akaunganisha nyaya mbili za swichi moja ndogo, akasema swichi imekufa na tena haina kazi, akapokea ujira wake akaenda zake. Tanuri likawaka. Kesho yake alfajiri kijana anayenisaidia kukanda unga alilalamika kuumwa na kichwa na kuona kizunguzungu, na mimi nilipotoka nje kumfuata nilihisi miguu mizito.

Swichi ile ilikuwa nzima. Kazi yake ni kupima mvuto wa hewa inayosukumwa nje na feni. Mvuto ukipungua kwa kuwa njia imeziba, hukata ulishaji wa peleti ili moshi usirudi jikoni. Fundi wangu alimziba mdomo mlinzi aliyekuwa akipiga ukelele wa mwizi. Na mwizi huyo, gesi ya kaboni monoksidi, hana rangi wala harufu, kwa hiyo mtu hawezi kutegemea pua yake.

Tuliposubiri likapoa na kulifungua bomba, kofia ya tii, yaani kifuniko cha kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T kilicho chini ya dohani, ilizunguka kwa tabu, kisha jivu laini likamwagika kama unga wa ngano hadi likajaa karai. Juu yake, penye kona, halikuwa unga tena: unyevu wa bahari ulikuwa umelishikamanisha likawa kama udongo mkavu, na tundu lililobaki halikuzidi vidole viwili. Kwenye mdomo wa nje nyigu walikuwa wamejenga viota vyao vya udongo. Nilikuwa nimesafisha kikombe kila asubuhi ya Mungu, na ufagio wangu wa chelewa haukuwahi kukaribia huko.

Sasa mara moja kwa juma tanuri hulala limezimwa usiku kucha, na asubuhi huchomolewa umeme kabla halijaguswa na mtu. Matundu ya kikombe huzibuliwa kwa msumari, bamba za nyuma ya chumba cha moto hugongwa ili jivu lililojificha lianguke, na mapanga ya feni hupitishwa burashi kavu. Dohani yenyewe husuguliwa kwa burashi ya mpini mrefu kila mwezi, kuanzia kwenye tii hadi kofia ya juu, na majira ya masika, hewa inapokuwa na maji, hatungojei mwezi utimie, kwa sababu jivu likilowa hula bati la bomba. Anayetumia peleti za maganda ya mpunga afanye upesi zaidi, kwani jivu lake ni jingi mno kuliko la mbao safi. Gunia la peleti nalo likae juu ya mbao, mbali na sakafu; peleti zikivuta unyevu hufura, zikavunjika kuwa vumbi, na moto wake ni masizi matupu.

Jambo jingine ni mashine ya kuvuta vumbi ya nyumbani, ambayo nimeona watu wakiitumia kuzoa jivu. Kaa dogo linaweza kuishi chini ya jivu kwa siku kadhaa, na likiingia katika mfuko wa mashine ile litapata hewa ya kutosha kuwaka. Jivu litiwe kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, iwekwe nje juu ya saruji. Wenye mapaa ya makuti hawahitaji kuelezwa sababu.

Ujerumani kukagua na kusafisha dohani kumo katika sheria. Hapa kwetu wakaguzi huja kwenye biashara za chakula wakatazama vyeti vya afya na kizima moto. Naomba waongeze dakika tano za kufunguliwa kofia ya tii mbele yao, na wakikuta nyaya za swichi zimeunganishwa, moto usiwashwe mpaka zitenganishwe. Wauzaji nao wasifunge bomba lililobanwa ukutani hata burashi ikakosa pa kupita.

Nyaya za tanuri langu zimerudishwa kama zilivyokuwa. Tangu hapo limejizima mara moja tu, na nilipopanda kutazama mdomo wa bomba nilikuta kiota kipya cha nyigu, udongo wake bado mbichi.

Mwoka mikate,
Malindi