Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, semina mbili Chake Chake, ziara moja Unguja. Wanachama ni 41, waliolipa ada 17, waliohudhuria semina ya mikroRNA 9. Hiyo 9 imeniuma, kwani wengi wanaolalamika leo siku ile hawakuwepo.

Lalamiko lenyewe ni kutupwa kwa sampuli 38 za plazma (maji ya damu yaliyotengwa na chembe) kati ya 96 tulizokusanya. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikalipitisha, na bado nalisimamia. MikroRNA ni vipande vya RNA vya herufi kama 22. Havitengenezi protini, hujibandika kwenye RNA ya ujumbe (nakala ya maagizo ya jeni) na kuzuia protini yake isitengenezwe. Ugunduzi wa 1993 ndio uliowapa wanasayansi Ambros na Ruvkun Nobel ya Tiba ya 2024. Sisi tulipima miR-126 (miR ni kifupi cha mikroRNA), ambayo hupungua kwa wenye kisukari cha aina ya pili, tukiilinganisha na miR-16 kama kigezo. Sasa miR-16 imejaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe zikipasuka, miR-16 hupanda, na miR-126 ya mtu mwenye afya huonekana imeshuka. Tungewatangazia watu maradhi wasiyokuwa nayo!

Msiseme plazma ilikuwa ya njano safi; jicho halitoshi. Plazma ikifyonza mwanga wa nanomita 414 kwa kipimo cha zaidi ya 0.2, au miR-451a, iliyojaa kwenye chembe nyekundu, ikiitangulia miR-23a, isiyobadilika chembe zikipasuka, kwa zaidi ya mizunguko 7 ya PCR (njia ya kunakili vinasaba mara nyingi ili vipimike), sampuli hiyo imeharibika. Wala hesabu haiiokoi, maana kila tyubu imechafuka kwa kiasi chake. Sababu ni zetu wenyewe: mpira wa kufungia mkono kukaa muda mrefu, sindano nyembamba, tyubu kutikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, damu kusubiri boti kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, mashine ya kutenga plazma. Tena izungushwe mara mbili, kwani visahani vya damu (chembe ndogo za kugandisha damu) navyo vina miR-126 tele.

Tyubu 11 kati ya hizo 38 zilizotupwa zilikuwa za kifuniko cha kijani, zenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini huzuia PCR. Kimeng'enya cha kuivunja kipo, lakini kinanunuliwa kwa fedha, na fedha ni ada. Chukueni za kifuniko cha zambarau tu, zisizo na heparini.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia sentrifuji ya pili, Wete, na ushirikiano zaidi na wenzetu wa Unguja. Daftari la ada liko kwa mweka hazina, meza ya mlangoni, hadi saa kumi jioni.