Usinunue kioo kwanza, Zuhura

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako niliupata juzi. Nimeona nikuandikie barua kamili kuliko kukutumia vipande vya sauti, maana jambo lenyewe ni refu, na wewe ukiwa na harusi za watu mkononi husikilizi sauti mpaka mwisho. Mama hajambo, anakusalimu sana. Ameuliza mara mbili lini utakuja ule mkate wa mofa.

Haya, kompyuta yako ya mapajani. Umesema kioo kinapepesa ukikiweka kwenye Hz 144, yaani kikichora picha upya mara 144 kila sekunde, ukishusha hadi 60 kinatulia. Fundi akachomeka tivii kwa waya wa HDMI, picha ya kwenye tivii ikawa shwari, akakata shauri kwamba kioo kimekufa na kipya ni laki tatu na nusu. Nakuomba usimpe hata shilingi ya kutangulia. Sisemi ni tapeli, huenda anaamini anachokisema. Ninachosema ni kwamba kipimo chake hakitoshi.

Tivii nyingi za majumbani hupokea picha kwa Hz 60. Kwa hiyo amekilinganisha kioo kinachokwenda mbio za 144 na tivii inayokwenda 60, na kwenye 60 hata kioo chako mwenyewe umesema kinatulia. Halafu picha kutulia kwenye tivii kunaitoa lawamani chipu ya picha tu. Kati ya chipu na kioo kuna kebo inayopita kwenye bawaba, na kuna mpango wa kuokoa betri unaofanya kazi kwenye kioo cha ndani peke yake. Vyote viwili tivii haivigusi. Washukiwa walikuwa watatu, yeye amemkamata mmoja akafunga kesi.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu Ramadhani ya mwaka jana nusura nitoe pesa kama hizo. Nilikuwa natengeneza ratiba za futari za misikiti minne, kioo kikaanza kuzima na kuwaka kwa muda wa kupesa jicho, na chini yake vikatokea vistari vyeupe vyembamba kama nyuzi. Duka la kwanza waliniambia vilevile, kioo. Nilishakwenda kuomba mkopo kwenye kikoba chetu. Ndipo kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayetengeneza simu na kompyuta kibarazani, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: “Dada, kikicheza, unakuwa umekifungua kiasi gani?”

Akaiweka kompyuta mezani, akaweka Hz 144, akakishika kifuniko kwa kidole kimoja na kukiinua polepole. Kikiwa wima, kimya. Akakilaza nyuma kidogo, vile vistari vikaja. Akakirudisha upana wa kidole, vikaondoka. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu vilikuja palepale. Kioo chenyewe hakijui kama kimelala au kimesimama, Zuhura. Kinachokunjwa kifuniko kikienda na kurudi ni kebo. Akafungua chini, akachomoa betri kwanza (mwambie na wako asiguse kebo ya kioo betri ikiwa bado imechomekwa, inaweza kuunguza vitu vya gharama), kisha akaibandua fremu ya kioo na kunionyesha kwa ukucha. Pale bawaba inapozunguka, ile tepu nyeusi ya kitambaa ilikuwa imesagika, na ndani yake nyaya nyembamba kama unywele, mbili zimechubuka mpaka shaba inang'aa. Nilikitazama kijisehemu kile, hakifiki hata nusu ya punje ya mchele, nikafikiria ule mkopo.

Kwa nini basi 60 ilitulia? Hili ndilo linalowapoteza mafundi wengi. Picha moja ya kioo cha 1920 kwa 1080 ni karibu biti milioni 50. Kwenye Hz 60 kebo inapitisha kama biti bilioni 3 kila sekunde, na kila picha ina milisekunde 16.7 za kufika. Kwenye 144 ni zaidi ya bilioni 7, na kila picha ina milisekunde 6.9 tu. Umewahi kubeba ndoo kichwani kwenye njia ya mashimo. Ikiwa nusu, unafika nayo nyumbani. Ikiwa pomoni, kila shimo linakumwagia, na njia ni ileile.

Kebo mpya ililetwa kwa basi kutoka Dar, elfu thelathini na tano, lakini ya kwanza ilikosewa. Ilikuwa ya toleo la Hz 60 la kompyuta ileile, yenye pini 30, na yangu ilitaka pini 40. Ukizitazama juu juu ni mapacha. Kwa hiyo siku ukihitaji kebo, piga picha namba iliyochapwa kwenye kibandiko cha kebo ya zamani uitume hiyo, jina la kompyuta peke yake halitoshi.

Sasa narudi kwako, na hapa unisome taratibu, kwa sababu sidhani kama yako ni kebo. Umenitajia mambo mawili kama unapita tu, na kwangu ndiyo mazito kuliko yote. La kwanza, kinapepesa ukichomoa chaja. La pili, kinapepesa ukiwa unasoma meseji za wateja, lakini video ikicheza kinatulia. Kebo iliyochubuka haijali kama unasoma au unatazama. Kinachojali ni ule mpango wa kuokoa betri niliokutajia. Picha isipobadilika, chipu ya Intel inapumzika na kioo kinajichora chenyewe kutoka kwenye kumbukumbu yake ndogo. Ukigusa kipanya, chipu inaamka na kupokea kazi tena. Kupepesa kunatokea kwenye makabidhiano hayo, pale kioo na draiva, yaani programu inayoiendesha chipu ya picha, visipoelewana. Video ikicheza hakuna cha kukabidhiana, picha inabadilika muda wote.

Fanya hivi usiku, ukiwa umetulia. Chomoa chaja, acha Hz 144, fungua meseji zako mpaka kianze. Kikishaanza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lije dirisha la Task Manager. Likibaki tuli huku mengine yanapepesa, basi ni programu mojawapo inayosumbua na mashine yako ni nzima. Likipepesa pamoja na vingine vyote, fungua Intel Graphics Command Center, ingia System, kisha Power, upande wa betri, na uzime palipoandikwa Panel Self Refresh, ndiyo jina la ule mpango wa kuokoa betri. Washa upya, urudi kwenye meseji zako zilezile ukae nazo robo saa nzima. Usiridhike na dakika mbili.

Kama bado, nenda kwenye mipangilio ya Windows 11, sehemu ya kioo, uangalie ile kasi ya Hz isiwe imewekwa kwenye Dynamic. Hiyo inapandisha na kushusha yenyewe, chagua 144 iliyo thabiti. Na kumbuka kama uliweka draiva mpya karibuni. Kama tatizo lilianza wiki hiyohiyo, rudi kwenye ya zamani kupitia Device Manager kabla ya kumtafuta fundi yeyote. Kioo kuzima mara moja tu sekunde unayochomoa chaja kisikutie hofu, kompyuta nyingi za namna hiyo zinabadili kasi wakati huo.

Jaribio la kifuniko nalo lifanye, hata kama nimeshasema sidhani. Ni dakika moja. Inua, laza, inua, kama nilivyokueleza, chaja ikiwa imechomekwa. Vistari vikija pembe ileile kila mara, nitakuwa nimekosea, na hapo ni kebo, mtafute mtu mwenye mkono mwepesi. Kioo tutakizungumza yote haya yakishindikana, si kabla.

Umeuliza pia kuhusu ile mistari inayotembea ukikielekezea kamera ya simu. Hilo ni jambo jingine. Vioo vingi vinapunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni ila kamera inaona. Ikiwa kichwa kinakuuma ukifanya kazi usiku, pandisha mwangaza wa kioo na uwashe taa ya chumba.

Wakati unajaribu usiache kazi ya watu. Weka 60 umalizie ile send-off ya Jumamosi, video unazokata ni za picha 25 kwa sekunde, hutapungukiwa kitu. Fundi mwambie unasubiri jibu la dada yako wa Tanga, na umwombe akurudishie zile skrubu mbili ulizosema hazipo pale chini. Kifuniko cha chini kisipokazwa sawasawa bawaba inavuta upande, na mwisho wake ni kebo kama yangu.

Nitumie jibu Jumatatu usiku, unitajie ulizima nini na kilikaa muda gani. Mama Mdogo mpe shikamoo yangu, na watoto wabusu.

Wako,
Rehema