Redio zetu nazo zitupe jioni moja kama hii

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Mimi ni mzaliwa wa Machame, kwa sasa naishi Leipzig huku Ujerumani, gazeti lenu nalisoma kwenye simu na leo nimeona nisikae kimya.

Ile Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, Januari 18 hadi 25, jioni moja nilikuwa jikoni nasonga ugali huku nasikiliza redio ya utamaduni ya hapa, kumbe jioni yote wameitenga kwa umoja wa makanisa pamoja na ile Misa kubwa ya kuimbwa ya Bach, mtunzi wa muziki wa zamani wa huku Ujerumani. Nikazima jiko, ugali ukabaki mbichi. Yaani Bach alikuwa Mlutheri kabisa, kaongoza muziki wa kanisa hapahapa Leipzig toka 1723 mpaka kufa kwake 1750, lakini Misa yenyewe ni ya Kilatini, sehemu za mwanzo alizipeleka Dresden mwaka 1733 kwa mtawala Mkatoliki, nyingine akaja kumalizia uzeeni macho yakiwa yanamsumbua.

Waimbaji walipofika pale kwenye kanuni ya imani, "naungama ubatizo mmoja", nilikaa chini. Sauti tano zinafukuzana, tarumbeta kimya, halafu katikati unasikia wimbo wa zamani wa watawa, besi wanauanza na alto wanaufuata nyuma yao, kisha sauti ya tatu wanaushika kwa noti ndefu ndefu na wenzao wanazidi kukimbia juu na chini. Kisha mwendo unapoa, unapoa, karibu unyamaze, mara tarumbeta hizo na ngoma, ufufuko wa wafu! Mwili ulinisisimka.

Baadaye nikakumbuka kwamba mwaka 2007 pale kanisa kuu la Magdeburg makanisa 11 ya huku, Wakatoliki na Walutheri wakiwemo, yalitia saini kwamba kila mmoja anautambua ubatizo wa mwenzake. Nikamuwaza dada yangu. Alipokuwa anaolewa na Mkatoliki kuna mama mmoja alimwambia eti ule ubatizo wako wa usharikani hauhesabiki utabatizwa upya, dada alilia siku mbili, na haikuwa kweli, padre mwenyewe ndiye aliyemtuliza.

Sisi watu wa Kilimanjaro haya mambo tunayajua vizuri. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, mapadre walishafika Kilema, na mpaka leo ukitaja kijiji tu mtu anakwambia hao ni Walutheri, hao ni Wakatoliki. Na kwaya tunazo, nzuri sana, kila moja na kanisa lake.

Ombi langu kwa watu wa redio wanaosoma hapa, Januari ijayo wekeni jioni moja tu, kwaya ya parokia na kwaya ya usharika studio moja, mchungaji na padre wakae waulizwe hilo la ubatizo kwa Kiswahili cha kawaida na simu zipokelewe. Dada yangu atakuwa wa kwanza kupiga.

Msomaji wenu,
Leipzig, Ujerumani