Tuachieni kipande kimoja cha mawe ya 2002

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Goma. Mawe meusi ya volkano ndiyo yamenilishia watoto. Mwaka wa 2019 mwanangu anayeishi Belfast aliniita nimtembelee, na siku moja tukapanda basi la watalii linalofuata pwani ya Ireland ya Kaskazini. Huko ni majabali, kondoo na upepo wa kumyumbisha mtu mzima.

Tuliposhuka Giant's Causeway niliinama nikagusa jiwe. Mama aliyetuongoza hajafungua mdomo, mimi nimeshalitambua: ni lava, ndugu ya mawe yetu. Akaeleza, mwanangu akitafsiri, kwamba ule moto ulimwagika miaka kama milioni 60 iliyopita, ukapoa polepole, ukapasuka, zikatokea nguzo zipatazo 40,000, nyingi zenye pembe sita. Wazee wa kule husimulia kuwa ni jitu, Finn McCool, aliyejenga njia ya kuvukia bahari mpaka Uskoti. Yule mama alitukataza kukanyaga mawe ya ukingoni kabisa kwa sababu ya utelezi. Na sarafu pia: wageni huzipigilia kwenye nyufa, zikiota kutu zinavimba na kupasua jiwe. Sarafu, Bwana Mhariri! Nikaikumbuka nyundo yangu.

Maana tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipita mtaa wa Murara hapa Goma, ikala nyumba yangu ya mbao, ikafunika kanisa kuu, ikatumbukia ziwa Kivu. Haikupita muda tukaanza kuivunja ili tujenge tena. Simlaumu mtu, tulihitaji pa kulala. Lakini juzi mjukuu wangu aliniuliza moto uliingilia wapi ziwani. Nikamshika mkono tukaenda, na pale nilipotaka kumwonyesha nikakuta ukuta wa kiwanja. Niliujenga mimi.

Naomba wakubwa wa mji na machifu wa kartie, yaani mitaa: kipande kimoja tu cha ukingo ule lava ilipoingilia ziwani kisivunjwe wala kisiuzwe. Vijana wetu wafundishwe kuongoza wageni na wanafunzi hapo, wajue kueleza jiwe, na wajue mabonde ambamo mazuku hutuama, hewa isiyoonekana inayoua mbuzi na watu. Sisi tulioukimbia moto ule bado tuko hai. Mimi nikiitwa nitakuja, niwaonyeshe ulikopita, kuanzia palipokuwa mlango wangu hadi majini.

Fundi mwashi, Goma