Yaya, kuhusu lile beseni

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Ninaandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu barua tatu nilizowapa watu wa boti hazikupata jibu, na simu zangu unaziacha ziite mpaka zichoke. Najua watoto wako hawapitwi na kitu kwenye simu zao. Mmoja wao atakusomea haya, pengine jioni, ukiwa umekaa kwenye kile kigoda ukichambua mboga ya lenga-lenga. Akifika mahali pa kukuudhi, usimkatize. Mwache asome hadi mwisho, kwa maana huko kuna neno la kumpelekea mtu mwingine hapo mtaani kwenu.

Kwaresima iliyopita nilipewa kazi ya kuwafundisha wanashirika wetu hapa Goma juu ya upendo wa Mungu unaoponya katika maisha ya kila siku. Unanijua: nilijiandaa siku tatu, nikajaza kurasa sita za daftari. Nilikuwa na Paulo, Barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13. Nilikuwa na Yakobo, sura ya 5, pale anaposema mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Nilikuwa na Yohane, anayesema kwamba asiyempenda ndugu yake anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Nilipofika kwa Yohane, nikiwa nimesimama mbele ya watu, sauti ilikauka. Nikasingizia koo, nikaketi, na mwenyekiti akaanzisha rozari. Hayo niliyoshindwa kuwaambia wao ndiyo ninayokuandikia, ingawa wewe huna haja ya kufundishwa upendo, na hasa kufundishwa na mimi.

Nilipokuja Bukavu mwezi wa sita wa 2023, nilikuta Mama anakataa wageni. Alikuwa amejifungia chumba cha nyuma, ameugeukia ukuta, kwa ajili ya harufu ya mguu wake. Muuguzi alikuwa amekueleza, nawe ukanieleza kwa ukali kana kwamba ni mimi niliyeitia sukari katika mwili wake, kwamba ugonjwa huo ukikaa miaka mingi huua hisia za miguu na kuiharibu mishipa ya damu, hata mtu akakanyaga kitu chenye ncha asijue, na kidonda kikishaanza, damu ya kukiponya haifiki vizuri. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni Kadutu, ulichemsha maji, ukayaacha yapoe, ukayapima kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto mchanga, kwa kuwa yeye mwenyewe asingejua kama yanamuunguza. Ulikuwa na lile beseni la samawati, lenye ufa mdogo kwenye ukingo. Uliosha, ukakausha kati ya kidole na kidole kwa kitambaa kilichopigwa pasi, ukafunga bandeji. Hukuimba wala hukusali kwa sauti. Ulikuwa ukimsimulia bei ya makala, yale makaa ya kupikia, na jinsi mama fulani muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alivyokupunja.

Niliporudi mwezi wa nane, Mama alikuwa amekaa mlangoni akiwasalimia wapita njia. Kidonda kilikuwa palepale, kipana kuliko kwanza, lakini alinitania juu ya kitambi changu na akaomba bugali kwa sambaza. Mimi niliona muujiza. Nilikuwa nimekuja na wenzangu wanne wa kikundi cha sala, na tulipoimba na kusali saa nzima juu yake, niliamini kabisa kwamba sala zetu za kutoka Goma ndizo zilizomtoa chumba cha nyuma. Hata sikukuuliza.

Ndipo ulipoingia na beseni. Ulisema, mbele ya wenzangu, bila kupandisha sauti: «Saa ya bandeji imefika. Leo oshea wewe.» Nikaangalia saa, nikasema boti itaniacha. Boti ilikuwa ya usiku, Yaya, na ilikuwa saa nane mchana.

Sidai kwamba nilifanya vizuri. Lakini niruhusu niseme kitu ambacho hukuwahi kunipa nafasi ya kukisema. Yule Msamaria katika Injili ya Luka alitia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake; na kesho yake akatoa dinari mbili, akamwambia mwenye nyumba ya wageni amtunze, na kwamba akigharimu zaidi atamlipa atakaporudi. Kisha akaenda zake. Hakuna anayemlaumu kwa kuondoka. Dinari zile nazo ni upendo, na za Mama zilitoka kwangu: dawa za sukari, bandeji, vipimo, hata makala ya kuchemshia maji yale. Kila tarehe tano nilituma pesa kwa simu, na ujumbe wako ulikuwa neno moja tu, «Zimefika.» Mtu wa kuosha asingekuwa na kitu cha kuoshea kama hapangekuwa na mtu wa kulipa. Hesabu hii nimeipiga mara nyingi usiku, na kila mara jibu linakuwa sahihi, na kila mara usingizi haurudi.

Kisha Mama akatutoka, mwezi wa tisa. Sina la kueleza hapo, ulikuwapo.

Usiku wa pili wa kilio wazee walinipa nafasi niseme maneno machache. Nilisimama chini ya turubai, nikaanza kueleza jinsi upendo wa Mungu ulivyomponya Mama ndani kabla ya kumchukua. Nakumbuka nilikuwa nimefika kwenye neno «kuosha», maana nilikuwa nikizungumzia Alhamisi Kuu, Bwana alipojifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi miguu. Wewe ukainuka kutoka kwenye mikeka ya wanawake, ukaingia ndani, ukatoka na beseni. Ukaliweka chini mbele ya viatu vyangu. Ukaweka juu yake kile kitambaa, kimekunjwa mara nne. Ukarudi kukaa. Hukusema neno, na hakuna aliyekohoa. Mimi nikaendelea kuongea, Mungu anisamehe, nikaendelea dakika kumi nzima juu ya beseni lile kana kwamba halikuwapo, na mjomba wa Nyangezi akawa anatazama miguu yangu, si uso.

Hilo ndilo nisiloweza kukusamehe. Ungeniita nyuma ya nyumba ukanitukana hadi kukuche, ningekubali. Lakini ulinivua nguo mbele ya ukoo, kwenye kilio cha mama yetu, kwa kutumia chombo chake. Kama upendo ulikuwa mikononi mwako asubuhi zile zote, usiku ule mikono hiyohiyo ilifanya kazi nyingine.

Wewe hukuwa mwepesi wa kusamehe tangu zamani. Wakumbuka mwaka wa 2000, Askofu Mkuu wetu Kataliko alipozuiwa na waasi kurudi Bukavu, akakaa miezi Butembo. Mama alituamuru tuwataje katika sala ya jioni hata wale waliomfukuza, nawe ukamjibu kwamba hiyo ni kazi ya maaskofu. Aliporudi mwezi wa tisa, Mama alitandaza kitenge chake barabarani ili apite. Hata mwezi haukupita, akafariki Roma, na Mama alilia wiki nzima akiwa amejifunga kitenge hichohicho, bado kina vumbi, akakataa kukifua. Ni wewe uliyemfulia hatimaye, usiku, bila ruhusa. Nalikumbuka hilo kila ninapotaka kukuchukia.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa. Wewe unajua kwamba kidonda kilitokana na mwiba alioukanyaga sokoni Kadutu, na ulimgombeza Mama miezi mingi kwa kwenda sokoni na kandambili. Haukuwa mwiba, wala haikuwa Kadutu. Ilikuwa hapa kwangu, Goma, alipokuja kunitembelea Disemba ya 2022. Unakijua kiwanja changu: ni mawe matupu, yale meusi ya volkeno yaliyoteremka kutoka Nyiragongo mwezi wa kwanza wa 2002, yenye makali kama chupa iliyovunjika. Wengi hapa huyavunja kwa nyundo na kuyajengea uzio. Mimi yangu nilikuwa nimeyavunja nusu, nikayaacha njiani kuelekea choo, nikisema nitamalizia Jumamosi. Mama alitoka alfajiri bila viatu. Hakusikia chochote. Mimi ndiye niliyeona, alipokuwa tayari amekaa akinywa chai: alama za damu kwenye sementi, moja, nyingine, nyingine, kutoka mlangoni mpaka kitini, zote za mguu wa kulia.

Nilimpaka dawa, nikamfunga kitambaa. Halafu nikamwomba asikwambie, kwa kuwa ungesema siwezi kumtunza hata wiki mbili. Akacheka. Mwiba wa Kadutu aliutunga yeye mwenyewe, na ulipokuwa ukimgombeza, alikubali kugombezwa. Alinitunzia siri hiyo hadi kaburini, na mimi nikakuacha umkemee.

Kwa hiyo siku ile ya saa nane mchana haikuwa boti, wala haikuwa harufu, ingawa najua ulidhani ni harufu. Sikuweza kuukunjua mguu ule nikautazama mbele yako.

Wala sisemi haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vikakatika, hospitali zikajaa hata watu wakalazwa chini, padre alituomba sisi tuliokuwa karibu tuje kwenye ukumbi wa parokia. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kukaa nyumbani peke yangu. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine iliyo bora. Kulikuwa na mwanamke mzee aliyekimbia kutoka kambi ya Kanyaruchinya, amekatwa na jiwe chini ya unyayo, siku mbili hakuoshwa. Nilichemsha maji ya ziwa juu ya makala. Nikayaacha yapoe. Nikayapima kwa kiwiko, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna mtu aliyenifundisha hivyo isipokuwa wewe, kwa kukutazama tu kutoka mlangoni. Sikujua la kumwambia, nikamsimulia bei ya makala. Akaniambia nimeibiwa.

Nilimwosha siku nne, kisha watoto wake wakaja kumchukua. Sikujisikia mtakatifu. Nilijisikia kama mtu ambaye amekuwa akibeba gunia, na mwingine akalishika upande mmoja. Kama huo ndio upendo wa Mungu unaoponya, basi kurasa zangu sita hazikuwa na habari zake.

Na katika siku zilezile, mtandao uliporudi kwa muda, simu yangu iliita. Ilikuwa namba yako. Nikasema, «Haloo, Yaya?» Nikakusikia ukishusha pumzi. Kisha ukakata. Ulitaka kujua kama nipo hai, ukajua, ikatosha. Nilikasirika siku hiyo yote, na namba ile ikabaki juu kabisa ya orodha ya simu zangu, kwa kuwa benki zilifungwa, vocha zikawa za tabu, na kwa majuma sikupiga wala kupigiwa na mtu mwingine.

Mwezi wa tisa nitakuja kwa misa ya kumbukumbu ya Mama, boti zikienda. Sitaomba kusema neno.

Nimesikia kwamba tangu kile kilio umekuwa ukimtuhumu binti wa jirani kwamba ameiba beseni, na kwamba hamsalimiani na mama yake. Tafadhali nenda kwao leo, kabla giza halijaingia. Beseni nililichukua mimi, alfajiri ile, nikalifunga ndani ya koti na kushuka nalo bandarini. Ufa umeongezeka kidogo, lakini halivuji.

Mdogo wako.