Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha shule awe kama Menšík

Marahaba mwanangu,

Voisi yako niliisikiliza nusu mchana dukani, alafu usiku nikairudia yote nikiwa nimetulia, maana mchana kulikua na wateja na sikutaka nikujibu juu juu. Kwanza umeongea vizuri, hujanuna, hujaniambia mama huelewi, umeniomba kwa adabu kabisa uishie hapo form three uende akademi ya tenisi Ulaya kwa sababu Jakub Menšík, yule mcheza tenisi wa Cheki, alikua na miaka 19 alipompiga bingwa Djokovic fainali ya Miami, na we una 16, kwaiyo umebakiza mitatu. Hiyo hesabu ya mitatu ndo imenifanya niandike badala ya kupiga, kwenye simu ungenikatisha kila sentensi.

Basi nikaenda kumsoma huyo kijana wako. Bando la wiki nzima limeishia kwake, baba yako ananiuliza toka lini unaangalia tenisi mpaka saa nane usiku, namwambia nafanya utafiti. Na sikufichi, nimempenda. Kijana mrefu zaidi ya mita 1.9, ile sevu yake, yani pigo la kuanzisha mpira, anarusha mpira taratibu kama hana haraka na mtu yeyote alafu unasikia mlio tu, mwenzie kasimama anaangalia mpira ulikopita. Nimeelewa kwanini unaiiga.

Na ile Miami ya Machi 2025 kwa kweli ingemchanganya kijana yeyote. Mtu yuko namba 54 duniani, goti linauma mpaka kukimbia hawezi, anaenda kwa refa na karatasi ya kujitoa hata mechi ya kwanza hajacheza, anaambiwa refa kaenda kula lanchi. Akazungukia kwa fizio, mtaalamu wa viungo, akahudumiwa, akameza dawa ya maumivu, akaingia uwanjani akamtoa Bautista Agut, akamtoa Jack Draper aliyekua ametoka tu kubeba kombe la mashindano ya Indian Wells, akaja Fils akapita, akaja Taylor Fritz akapita, na siku ya fainali mvua ikawaweka masaa zaidi ya matano wanasubiri, wakaingia usiku, 7-6, 7-6, Djokovic akalikosa taji lake la 100. Taibreka, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6, saba alicheza kwenye mashindano yale na saba zote alishinda! Alafu akamwambia Djokovic mbele ya watu kwamba yeye ndo sababu alianza tenisi. Hapo hata mi machozi yalinilenga.

Ila babaangu, hiyo stori ya lanchi kila mtu anaisimulia kama bahati, refa angekua ofisini kwake basi leo tusingemjua. Mi nilivoisikia akili yangu ilibaki kwa fizio. Yani kijana wa miaka 19 goti linamkataa, na hatua chache kutoka hapo kuna mtu kasomea magoti, kazi yake kumsubiri. We ulipotegua kifundo mwaka jana ulikandwa na bibi yako kwa maji ya moto na chumvi, na kochi wako maskini akatuma hela ya bandeji. Simlaumu mtu, nataka tu uone na wewe vitu ambavyo kamera haivionyeshi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wewe umeanzia Miami na yeye hakuanzia Miami.

Januari 2022 alikua na miaka 16, umri wako huo huo wa leo. Kafika fainali ya vijana ya Australian Open kule Melbourne, anacheza na Mmarekani anaitwa Bruno Kuzuhara. Itafute hiyo mechi, masaa matatu na dakika 43, 7-6, 6-7, 7-5, na mwisho Menšík misuli yote ikakaza, akadondoka, wakamtoa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Mtoto wa watu! Niliwaza mama yake alikua wapi dakika ile. Kombe akachukua Kuzuhara. Na Kuzuhara yule mpaka mwenzie anabeba Miami alikua bado hajaingia kwenye 100 bora duniani, na sio mvivu, alikua anazunguka anacheza mashindano madogo madogo kutafuta pointi. Sijakutajia ili nimcheke, nimekutajia kwa sababu siku ile Melbourne ungeniuliza yupi kati ya hawa wawili atampiga Djokovic ningekuonyesha aliyesimama na kombe.

Mwaka uliofuata, 2023, akaenda US Open hana hata nafasi ya moja kwa moja, akaanzia kwenye mchujo huko watu wanakocheza viwanja vya pembeni, akashinda mechi tatu akaingia, akashinda nyingine mbili, magazeti yakaanza kuandika. Tarehe 1 Septemba anatimiza miaka 18. Unajua bethidei yake aliisherehekeaje? Kwa kucheza na Fritz, 6-1, 6-2, 6-0. Gemu tatu tu mechi nzima. Sasa we uliyefungwa 6-2, 6-1 mwezi uliopita ukanizimia simu siku mbili, nakuomba umwangalie huyu, maana Fritz huyo huyo ndo alikuja kukaa naye nusu fainali Miami mwaka na nusu baadae, na safari hii 7-6, 4-6, 7-6.

Katikati hapo kuna Doha, Februari 2024, akampiga Andy Murray kwenye seti tatu zote zimeenda taibreka, akampiga Rublev, akampiga Monfils, akafika fainali akafungwa na Khachanov. Kuna Shanghai mwaka huo huo, Oktoba, akachukua seti ya kwanza kwa Djokovic alafu mzee akamgeuzia kibao, 6-1, 6-4. Kwaiyo ile Miami ilikua mara ya pili wanakutana. Na kabla ya hayo yote Djokovic alishamwona akiwa bado mdogo akamwalika kwao Belgrade, Serbia, wakafanye mazoezi pamoja. Hebu fikiria, mtu unayemwota anakuita nyumbani kwake umrudishie mipira.

Na hapa ndo pointi yangu ilipo, soma taratibu. We unaona Menšík kaacha vitu akaifuata tenisi. Mi nimesoma naona tenisi ilikua imemzunguka toka anazaliwa. Kazaliwa Prostějov, mji mdogo huko Moravia, watu elfu arobaini na kitu, kwetu mji wa namna hiyo ungekua na soko, stendi na uwanja wa mpira wenye mbuzi. Wao wana klabu ya tenisi ambayo Petra Kvitová, bingwa wa Wimbledon 2011 na 2014, kafanyia mazoezi, Tomáš Berdych aliyefika fainali ya Wimbledon 2010 kapita hapo, na kila mwaka wana mashindano ya Challenger hapo hapo mjini, yani wachezaji wa kulipwa wanakuja mlangoni kwako. Mtoto akitaka kumwona mtu wa 100 bora anapanda baiskeli. Nchi nzima ya Cheki ina watu milioni 10 na ushee, sisi Tanzania sensa ya 2022 tulikua zaidi ya milioni 61, na wao ndo wametoa kina Navratilova, Lendl, Novotná, alafu Wimbledon ya wanawake 2023 kachukua Vondroušová wao, 2024 kachukua Krejčíková wao, mfululizo! Hicho sio kipaji cha damu, ni viwanja na makochi na ligi ya klabu ambayo mtoto anacheza kila wikiendi na wenzie wakali kuliko yeye bila kupanda ndege.

Najua utanijibu nini. Utaniambia mama mbona Kvitová alihama kwao akiwa na 16. Ndiyo, alihama Fulnek, alikokua akifundishwa na baba yake, akaenda Prostějov. Nimeangalia ramani mwanangu. Ni kama mtu wa Mlandizi kuhamia Dar. Jumapili anarudi kula kwa mama yake. We unataka nikupeleke nchi ambayo ukiumwa usiku nisubiri viza.

Tena sio wote wa kule wanaofika. Yuko binti anaitwa Linda Fruhvirtová, Mcheki, kazaliwa 2005 mwaka mmoja na Menšík, yeye ndo alianza kuwaka, akiwa na 17 alishabeba taji la WTA, yani la wanawake wa kulipwa, kule Chennai 2022, Januari 2023 akafika raundi ya nne Australian Open ile ya wakubwa, akaingia 50 bora. Alafu akashuka, akatoka hata kwenye 100. Ana kila kitu nilichokutajia, kochi, viwanja, nchi inayojua tenisi, na bado mchezo umemgomea kwa muda. Bado mdogo, anaweza kurudi, mi namwombea. Na huyo huyo Menšík baada ya Miami, mwezi wa tano wa mwaka huo huo 2025 kaenda Paris kwenye French Open, kaongoza seti mbili kwa bila, kafungwa tatu mfululizo na Mreno aliyetoka mchujo. Baada ya kumpiga Djokovic! Mchezo wenu huu hauna heshima.

Kwaiyo jibu langu kuhusu akademi ni hapana, na hela sio sababu ya kwanza ingawa hela yenyewe haipo, usije ukaenda kwa baba mdogo wako kumwambia mama kakataa kwa ajili ya hela akaanza kuuza kiwanja, namjua.

Mfano wako nataka uwe jirani. Angela Okutoyi wa Kenya alikuwepo Melbourne Januari ile ile ya 2022, mashindano yale yale ya vijana Menšík aliyotolewa kwa kiti. Kalelewa na bibi yake Nairobi, kajifunzia kwenye viwanja vya kawaida, na akawa Mkenya wa kwanza wa kike kushinda mechi kwenye Grand Slam ya vijana, yale mashindano makubwa manne ya tenisi. Julai akaenda Wimbledon akabeba taji la dabo, wawili kwa wawili, la wasichana na mwenzie Mholanzi, Nijkamp. Sasa angalia alichofanya baada ya hapo, hakukimbilia kuzunguka dunia na begi, alienda chuo Marekani, Auburn, akawa anasoma na kucheza, viwanja vipo, fizio yupo, makochi wapo, mechi kila wiki, na 2024 kaja Accra kachukua dhahabu ya African Games. Hiyo Prostějov yako unayoitafuta, kwa mtoto wa huku inapatikana kwa mlango huo. Na vyuo vile havitazami sevu peke yake, vinaomba matokeo ya form four na kuendelea, na we hesabu yako muhula uliopita sitaki hata kuiandika hapa.

Mpango ni huu na nimeshaongea na kochi. Unamaliza form four. Mazoezi asubuhi kabla ya shule yanaendelea kama kawaida, nauli ya bodaboda naendelea kutoa, na wikiendi kochi kasema atakutafutia wakubwa wa kucheza nao, wale wazee wa klabu wenye mikato ya ajabu ajabu ambao unawadharau na wanakufunga. Mashindano ya vijana Nairobi yakitangazwa tutapanda basi wote, mi ntalala kwa shangazi yako. Hapo utakutana na watoto wa Misri na Morocco na utajua umesimama wapi, na nataka ujulie uwanjani, sio kwenye simu. Matokeo yakiwa mazuri, ya darasani na ya huko, tutaanza kuandikia vyuo mapema, kochi ana kijana wake mmoja alipitia njia hiyo atatuonyesha fomu zinajazwaje.

Taibreka fanyia mazoezi. Menšík hakushinda saba kwa kuombewa, mtu wa sevu kama yake akifika 6-6 anajua anaenda kupiga wapi. We kochi anasema ukifika hapo unapiga ya pili kama unampa mtoto mpira. Hiyo hata bila kwenda Ulaya inarekebishika, kapu la mipira lipo na ukuta upo.

Alafu viatu. Umesema soli imeisha mbele, ni mguu wa kulia tu au yote miwili? Kochi anasema unauburuta ule wa kulia ukisevu ndo maana vinakufa haraka. Mjomba wako anatoka Dubai wiki ijayo, nitumie picha ya soli na namba ya kiatu kabla ya Ijumaa, na usiandike 43 kama kile cha mwisho ulichoniambia kikabana, pima mguu na karatasi ukiwa umevaa soksi za mazoezi.

Mama yako